Mwaka wa Kusukuma Bomba

Mama Cherono alinipigia simu Jumanne mchana nikiwa kwenye foleni ya benki, na bila hata salamu akasema, "Kemunto, mzee wako ametuacha." Nikauliza mzee yupi. Nina wazee wengi, na mimi mwenyewe siku hizi watoto wa watu wananiamkia kwa heshima ya uzee. Akalitaja jina la mumewe, "Arap Sigei," polepole, kama mtu anayemtajia mgeni jina, nami nikaona haya hadi masikio yakawaka. Mazishi yangekuwa Ijumaa ya wiki ile ile, nyumbani kwake, upande wa Sotik. Kamati ilikuwa imeniweka kwenye programu: dakika mbili, kwa niaba ya watu wa ndege. Nilitaka kumwuliza watu gani wa ndege, kwa sababu tulikuwa wawili tu na mmoja ndiye huyo anayezikwa, lakini karani aliniita dirishani na simu ikakatika. Jioni nilitoa kitabu changu cha urubani, kile tunachoandika kila safari, nikatafuta mwaka ule wa katikati ya miaka ya tisini. Haumo. Kuna safari ya mwisho ya kampuni iliyofungwa, na mstari unaofuata ni wa Januari, mwaka mmoja baadaye, kwenye kampuni nyingine. Ndege ya Arap Sigei haikuhesabika kuwa ndege ya kuandikwa mle, kwa hiyo ukisoma kitabu changu utadhani mwaka mzima nililala.

Sikulala. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, sina kazi, na nina kiburi ambacho hata sasa nikikikumbuka natamani kukizaba kofi. Kampuni ndogo niliyoirushia ndege Nairobi ilikuwa imefunga milango, na marubani walionizidi uzoefu walikuwa wanagombea nafasi moja moja. Nesi mmoja tuliyesoma naye, aliyekuwa akifanya kazi Kericho, ndiye aliyeniambia kwamba kuna mzee, fundi wa boila ya mvuke aliyestaafu kwenye kiwanda cha chai, ameachiwa ndege ndogo na meneja mzungu aliyerudi kwao, na anatafuta mwalimu mwenye leseni. Neno mwalimu lilinipendeza sana. Nilikuwa nimezoea ndege za kawaida za injini moja, zile za viti vinne au sita: mlango unafungwa, kuna mkanda, kuna redio, mbele yako kuna saa za kila aina na usukani wa kushika kwa mikono miwili. Ukivuta usukani ndege inapanda, ukiusukuma inashuka. Ukiuzungusha kulia, inaenda kulia. Nilijiona naenda kumfundisha mzee wa watu mambo haya polepole, nikiwa nimevaa miwani ya jua.

Ndege yenyewe nilionyeshwa nusu kwanza, na nusu hiyo ilikuwa sebuleni. Bawa lake lilikuwa la kitambaa kigumu kilichovutwa juu ya mabomba ya alumini, na likikunjwa linakuwa mzigo mrefu mwembamba usioenea kwenye ghala la mahindi wala boma la ng'ombe. Arap Sigei alikuwa amelitundika kwa kamba chini ya paa la sebule, juu ya makochi yenye vitambaa vya kufuma, ncha moja ikitokea dirishani hadi upande wa jikoni ambako kuku wawili walikuwa wamehamia juu yake. Wageni walikula chini ya bawa. Mchungaji akija kuombea nyumba, aliinamisha kichwa mapema kuliko watu wengine. Nusu ya pili ilikuwa nje chini ya turubai: magurudumu matatu, viti viwili, kimoja mbele na kingine nyuma yake, injini isiyozidi ya mashine ndogo ya kusaga, na propela nyuma. Nikauliza usukani uko wapi. Mzee akacheka, akanionyesha bomba moja la alumini, refu kama mpini wa jembe, linaloning'inia kutoka kwenye bawa na kukaa kifuani mwa rubani.

"Hii ndio usukani," akasema. "Ukitaka kupanda, sukuma. Ukitaka kushuka, vuta."

"Mzee, umegeuza. Kupanda ni kuvuta."

"Kwa ndeke yako. Hapa ni kusukuma." Alikuwa Mkipsigis wa kusema ndeke, na mimi Mgusii wa ng'ambo ya pili ya Sotik niliyejiona nasema Kiswahili safi. "Na ukitaka kwenda kulia, unapeleka bomba kushoto. Na hapa chini kwa miguu, ukisukuma ya kulia, gurudumu inaenda kushoto. Usiniulize sababu. Mimi nilikaa nyuma ya mzungu miaka miwili nikiangalia mikono yake."

Sababu niliifahamu baadaye, na ni rahisi: kwenye ndege ile huendeshi bawa, unajiendesha wewe mwenyewe uliyening'inia chini yake. Ukisukuma bomba mbele, uzito wako unarudi nyuma, pua inainuka. Kuelewa kulinichukua dakika tano. Mikono ilikataa kuelewa. Siku ya kwanza, kwenye uwanja wa nyasi ambao shamba moja kubwa la chai lilikuwa likiutumia zamani kwa ndege za kunyunyizia dawa, hata hatukuruka. Tulitembea tu chini kwa injini, nikaona ng'ombe upande wa kulia, nikasukuma mguu wa kushoto ili nimkwepe, nikamwendea moja kwa moja. Ng'ombe alikuwa na akili, alihama. Wanawake waliokuwa wakichuma chai pembeni, wengi wao wa kwetu, waliacha vikapu wakashika viuno. Mmoja akanipigia kelele kwa lugha ya nyumbani kwamba nishuke niolewe, kazi ya kufukuza ng'ombe ina wenyewe. Nyuma yangu Arap Sigei alikuwa anacheka mpaka kiti kinatetemeka. "Wewe ni mwalimu," akasema, "lakini mikono yako iko darasa la kwanza. Usikasirike." Nilikasirika, na nilikaa hivyo mpaka saa ya chakula.

Nilipewa chumba cha Cherono, binti yao aliyekuwa chuoni. Kilikuwa na kitanda, meza, kalenda ya kanisa na ukuta wa mbao uliokitenga na jikoni, kwa hiyo nililala na kuamka na mazungumzo ya watu wawili ambao lugha yao sikuielewa. Nilijua maneno machache: maziwa, mtoto, asante. Jina langu nilikuwa nalisikia. Mama Cherono angesema jambo refu, jina langu likiwa katikati, kisha kijiko kingegonga sufuria, kisha mzee angejibu neno moja. Sikujua kama ananitetea au ananisengenya, na nikikaa mezani nilikuwa nawaangalia usoni nisipate kitu. Wote wawili walikuwa wakarimu kupita kiasi. Asubuhi kulikuwa na chai ya maziwa matupu, majani yamewekwa kwa kuibia tu, na viazi vitamu. Mchana ugali wa wimbi na mboga chungu iliyolazwa kwenye maziwa, na mursik kwenye kibuyu, yale maziwa ya kugandishwa yenye michirizi ya mkaa ambayo mwezi wa kwanza niliyanywa kwa adabu na mwezi wa tatu niliyaomba. Mama Cherono aliniwekea bakuli kubwa kuliko la mumewe. Halafu akirudi jikoni, jina langu linaanza tena.

Ofisi ya usafiri wa anga, Nairobi, ilikuwa imetuandikia barua ya kuturuhusu. Mimi nikae mbele, niendeshe. Yeye abebwe nyuma kama abiria, asiguse kitu. Mwisho wa mwaka mkaguzi angekuja kunipima kwa ndege ya aina ile, na nikishapita, ndipo ningeruhusiwa kumfundisha Arap Sigei apate leseni yake. Alichotaka duniani ni kidogo, na alikuwa akikisema waziwazi huku akipaka grisi: "Nataka siku moja tu niende peke yangu mpaka Ndanai, nizunguke kanisa, nirudi. Basi." Alizaliwa Ndanai, na nadhani kuna watu kule aliotaka wamwone. Kuhusu kutogusa kitu, alisoma barua ile, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia, kisha akaunga mabomba mawili zaidi kwenye bomba langu, yakapita mbavuni mwangu hadi kiti cha nyuma. "Ya kushikilia tu," akasema. Kwa hiyo tangu mwanzo tulikuwa mikono minne kwenye bomba moja, na barua ilisema miwili.

Njia yake ya kunifundisha sijaiona kwingine. Kwenye boriti ya ghala alifunga mpini wa jembe kwa kamba mbili, ukaning'inia usawa wa kifua changu, na kila asubuhi kabla ya chai nilikuwa nasimama pale kama mtu aliyekosa shuleni. "Juu!" nasukuma. "Chini!" navuta. "Kulia!" napeleka kushoto. Nilipoanza kupata, alinikataza kufikiri. Alinipa mahindi ya kuchoma nitafune huku akiniamrisha. Alinifanya nihesabu kwa kurudi nyuma kutoka mia moja. Alimwita Mama Cherono aniulize habari za nyumbani, hali ya mama, bei ya ndizi kwetu, na katikati ya jibu yeye anapaza sauti, "Chini!" Alikuwa amelea boila miaka thelathini, na alisema boila haingoji mtu akumbuke. Mkono ujue wenyewe, kichwa kije baadaye. Mama Cherono alikuwa anapita na ndoo ya maziwa, anatikisa kichwa, anasema kwa Kiswahili ili nami nisikie, "Watu wazima wawili, na nyasi ya ng'ombe haijakatwa."

Kufikia Juni nilikuwa naruka. Nasema kuruka kwa sababu nilichokifanya kabla ya hapo, kwenye zile ndege za mlango, sasa nakiona kama kusafiri ndani ya chumba. Tulikuwa tunaondoka mapema, hewa ikiwa imetulia, kwa sababu nchi ile kuanzia saa nne hewa inaanza kurusharusha na mchana mvua haikosi. Chini kulikuwa na chai mpaka macho yachoke, imekatwa sawasawa, na njia nyembamba za wachumaji. Harufu ya viwanda ilikuwa inatupanda, ile ya majani yanayokaushwa, na kuna mahali penye bonde ambapo baridi ilitupiga magotini kabla ya kufika usoni. Miguu ilikuwa nje hewani. Watoto wa shule walikuwa wanakimbia chini yetu na nilisikia kelele zao. Nilifurahi mpaka nikaogopa. Nilikuwa nimelipa miaka na jasho kuwa rubani wa kweli, mwenye sare, na sasa nilikuwa nimevaa koti la kazi la mzee wa boila na gambuti, nikiona kwamba sijawahi kupenda kazi yangu kama ninavyopenda mchezo huu. Sikujua nimepanda au nimeshuka. Nyuma yangu mzee alikuwa anaimba nyimbo za kanisa, anaacha katikati, anasema, "Iko sawa, mwalimu," anaendelea.

Barua ilikuja Septemba. Kampuni mpya Nairobi, ndege nzuri za injini mbili, nianze Januari. Walitaka leseni yangu na rekodi isiyo na doa, maneno hayo waliyapigia mstari. Niliisoma chini ya bawa sebuleni, nikaisoma tena chooni, nikaificha chini ya godoro kwa wiki mbili, na nilipomwambia Arap Sigei alifurahi kuliko mimi. Alisema ni sawa, Desemba mkaguzi anakuja, nitampa yeye wiki chache za mwisho, nitakuja likizo tumalize. Hakuona tatizo. Mimi niliona moja na sikumwambia. Mikono yangu ilikuwa imegeuka. Nikifumba macho na kujiambia panda, ilisukuma. Ningekaa Januari kwenye ndege ya watu, karibu na ardhi, niseme panda, niwasukumie chini.

Basi nikafanya upumbavu ambao sijausikia kwa rubani mwingine. Jioni, baada ya chakula, nilikuwa nafunga mlango wa chumba cha Cherono, nakaa ukingoni mwa kitanda, nashika mfuniko wa sufuria kubwa kwa mikono miwili, na najifundisha tena usukani. Panda, vuta kifuani. Shuka, sukuma. Kwa bidii ile ile niliyofundishwa ghalani, nikihesabu kurudi nyuma kutoka mia moja. Asubuhi mpini wa jembe, jioni mfuniko. Nilifikiri naweza kuwa na seti mbili, kama mtu anavyojua lugha mbili. Siku moja Mama Cherono aliingia kuchukua blanketi bila kubisha, akanikuta nimevuta mfuniko mpaka kidevuni. Akaniangalia. Nikasema, "Mazoezi, mama." Akasema, "Ya kwenda Nairobi." Akachukua mfuniko wake akaenda kufunika maziwa. Kule jikoni nikasikia jina langu, kijiko, na safari hii mzee alijibu maneno mengi. Kesho yake alinipa bomba kama kawaida.

Ilikuwa Jumamosi ya katikati ya Novemba. Jana yake mvua ya mawe ilikuwa imepiga, majani ya chai yamechanika, na wachumaji walikuwa wamesimama kando ya uwanja bila kazi wakiangalia hasara. Tulizunguka nusu saa tu, nikaona mawingu, nikarudi. Kutua kwa ndege ile ni hivi: unakuja umevuta bomba kidogo ili upate mwendo, na ukikaribia nyasi unalisukuma mbele polepole, pua inainuka, magurudumu ya nyuma yanagusa. Nilikuja vizuri. Nilikuwa na urefu wa nyumba moja kutoka chini wakati upepo ulipotoka upande wa msitu na kuniondolea hewa chini ya bawa. Tukaanza kuanguka. Arap Sigei akasema nyuma yangu, wala hakupiga kelele, "Sukuma." Nililisikia neno hilo vizuri kabisa. Kisha bomba likaenda. Ninachokumbuka ni kwamba lilikuwa na nguvu mbili, lilitaka kuja na lilitaka kwenda, mabomba yake yananisugua mbavu, na sikujua ipi ni mikono yangu. Pua ikagonga, tukapinduka nje ya uwanja, ndani ya chai.

Chai ukiitazama kutoka juu ni laini. Chini yake kuna vigogo vilivyopogolewa mara nyingi, vigumu kuliko mti wa kuni. Mimi niliteguka kifundo cha mkono. Arap Sigei mguu wake ulikuwa chini ya kiti, na ulivyolala nilijua kabla ya kuuliza. Wale wanawake walikuja mbio, wakaunganisha magunia mawili wakambeba, na yule aliyeniambia nishuke niolewe ndiye aliyenifuta damu ya pua kwa leso yake, akinisemesha kwa lugha yetu kama mtoto. Mzee alikuwa na jasho mdomoni. Aliniuliza kitu kimoja, kama injini inavuja mafuta. Nikasema haivuji. "Basi zima kapisa," akasema, "wasivute sigara hapo."

Mkaguzi alikuja wiki mbili baadaye, mapema kuliko tulivyopanga na kwa kazi nyingine. Alikuwa mtu mpole mwenye faili, akaketi sebuleni akanywa chai. Zile kamba za bawa zilikuwa bado zinaning'inia darini bila kitu. Arap Sigei alikuwa kwenye kochi, mguu kwenye plasta juu ya stuli. Mkaguzi alikuwa ameshaona uwanja, ameshaona mabaki, na ameshaona yale mabomba mawili ya nyuma. Akauliza, "Wakati wa kutua, nani alikuwa ameshika?"

"Mimi," mzee akasema.

"Wewe ulikuwa abiria."

"Ndio. Huyu msichana alikuwa analeta vizuri. Mimi nikaogopa upepo, nikamnyang'anya. Hizo bomba za nyuma niliweka mimi, yeye alinikataza. Andika."

Sikuwa nimemkataza. Mkaguzi akaandika, kisha akanigeukia. "Rubani, ni kweli?"

Nimelirudia swali hilo miaka ishirini na minane. Barua ya kazi ya Nairobi ilikuwa kwenye mkoba wangu, karibu na mguu wangu, na niliifikiria, sitadanganya. Lakini nilifikiria pia lile bomba lililotaka kuja na kwenda. Labda kweli alinyang'anya. Alikuwa fundi wa boila, mkono ujue wenyewe. Labda yeye aliyekaa nyuma ya mzungu miaka miwili hakuwahi kushika bomba kwenye upepo kama ule, akaogopa kweli. Labda alikuwa anasema ukweli mtupu na mimi ndiye niliyetaka kujipa umuhimu. "Sijui," nikasema. "Mikono ilikuwa mingi." Mkaguzi akaandika hilo nalo. Mama Cherono aliinuka akakusanya vikombe, na vilikuwa bado na chai.

Uamuzi ulikuja kwa posta kabla ya Krismasi. Mimi sikuonekana na kosa. Ndege isirushwe tena, na mwenyewe, kwa kushika chombo bila leseni baada ya kuonywa kwa maandishi, asikubaliwe kuomba leseni ya aina yoyote. Arap Sigei aliisoma, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia pamoja na ile ya kwanza. Siku ninaondoka alinisindikiza mpaka getini kwa magongo. Nilitaka kusema jambo, na nikawa nasema mambo mengine, kwamba nitaandika, kwamba mguu utapona. Akanishika mkono ule ulioteguka, akaupapasa kuona kama umepona. "Huko Nairobi," akasema, "vuta." Nilikuwa nimeshafika Kericho kabla ya kujiuliza alimaanisha nini. Alikuwa ananibariki, au alikuwa ananiambia anajua? Nimeamua mara nyingi, kila mara tofauti.

Nilivuta. Nilirusha ndege za watu mpaka nywele zikageuka, sikuua mtu wala kumwumiza. Nilimtumia Arap Sigei kadi kila Krismasi, naye alijibu kwa mwandiko wa fundi, habari za bonasi ya chai, ndama, wajukuu, mguu unaouma wakati wa baridi. Hakuandika hata mara moja neno ndege. Nilifika Kericho kwa kazi mara mbili na mara zote mbili niliambiwa barabara ya Sotik ni mbaya, nikaamini haraka sana. Nikistaafu nitaenda, nilijiambia. Nilistaafu, nikaanza kufuga kuku.

Ijumaa nilikuta mahema matatu, viti vya plastiki, na watu wengi kuliko nilivyotarajia. Kwenye jalada la programu kulikuwa na picha yake akiwa amevaa helmeti, anacheka. Ndani, kwenye orodha ya wasemaji, mbele ya jina langu walikuwa wameandika mwanafunzi wake. Nilisoma mstari huo mara kadhaa. Mama Cherono alikuwa mstari wa mbele, amekonda, amefungwa kitambaa cheusi, akanipa mkono akaushikilia kidogo. Hotuba nilikuwa nimeiandika kwenye karatasi: fundi hodari, mcheshi, mcha Mungu. Mshereheshaji, kijana mwenye suti ya bluu, akatangaza, "Sasa tunaita rubani. Madam, dakika mbili tu, mvua inakuja."

Nilisoma sentensi tatu nikaona watu wanaangalia mawingu. Mzee mmoja akasema, "Tuambie ya ndeke." Wakacheka kidogo, nami nikafurahi, nikaikunja karatasi. Nikawaambia habari za kuku juu ya bawa, wakacheka zaidi. Nikaanza kuwaonyesha tulivyokuwa tunatua. Kipaza sauti nilikibana kwapani, nikainua mikono yote miwili mbele kama nimeshika bomba. Nikasema, unakuja hivi, umevuta kidogo. Halafu upepo unakuja kutoka msituni, ndege inaanguka. Halafu mikono yangu ikaja kifuani. Ilikuja yenyewe, kwa nguvu, ngumi zikagonga mfupa wa kifua, mbele ya watu wote. Niliiangalia pale ilipokuwa. Nilisubiri nione kama itaenda mbele, haikuenda.

Nikachukua kipaza sauti. "Ni mimi niliyevuta," nikasema. "Mzee hakuninyang'anya. Yeye alisema sukuma, na alikuwa anasukuma. Mimi nilivuta, nikamvunja mguu, halafu mkaguzi aliponiuliza nikasema sijui. Yeye akakatazwa kuruka, mimi nikaenda kazini. Nimenyamaza mpaka leo." Nilikuwa nalia, sauti ilikuwa inarudi kutoka kwenye spika za mbali ikiwa mbaya. Hema lilikuwa linapigwapigwa na upepo. Nilitegemea hasira, na kwa kweli niliitaka.

Mama Cherono hakusimama. Alisema kutoka kwenye kiti chake, kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayemharakisha mtoto avae viatu.

"Hiyo tunajua, Kemunto. Tulijua hata kabla ya yule mtu wa faili. Mzee alisema usiulizwe." Akavuta shali yake mabegani. "Sema ingine."

"Sema ingine," wengine wakaitikia huku na huku, bila ubaya.

"Dakika moja, madam," akasema kijana wa suti.

Miaka ishirini na minane nilikuwa nimelinda sentensi ile moja, na sasa ilikuwa imetoka, na kumbe watu wa nyumba ile walikuwa nayo siku zote. Nilimtazama Mama Cherono. Nikafungua mdomo, nikatafuta ingine, na watu wakaningoja.